Ralph Teetor, fundi asiyeona aliyelifundisha gari kushikilia mwendo

Barabara kuu itokayo Jinja kuingia Kampala hupita kando ya kilima cha Kyambogo, kilomita chache kabla ya kufika katikati ya jiji. Hupitisha malori usiku na mchana, mengi yakiwa yamebeba shehena iliyoteremshwa bandarini Mombasa. Dereva aliyeshika usukani tangu mpakani Malaba anakuwa amekanyaga pedali ya mafuta kwa saa nyingi, na kiungo kinacholalamika kwanza ni kifundo cha mguu wa kulia. Kwa mwenye lori la zamani, dawa iliyo karibu ni ya kujitengenezea: waya wa breki ya baiskeli na kishikizo kidogo kinachofungwa karibu na usukani. Kishikizo kikivutwa, pedali inabaki pale ilipo na mguu unapumzika.

Dawa hiyo si ngeni. Magari ya Ford ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa na mkono wa mafuta chini ya usukani, na hadi leo trekta la Massey Ferguson haliendi shambani bila mkono wa namna hiyo. Trekta linauhitaji kwa sababu injini yake huzungusha mashine nyingine hata likiwa limesimama. Barabarani mambo ni tofauti. Mkono wa mafuta hushikilia mafuta tu, haushikilii mwendo, kwa kuwa haujui gari linakwenda kasi gani. Lori likianza kupanda kilima, linapungua nguvu. Likishuka, linakimbia kuliko alivyokusudia dereva. Baya zaidi, dereva akikanyaga breki kwa ghafla, waya haujali: injini inaendelea kusukuma huku breki zikizuia.

Mtu aliyetafuta namna ya kuliondolea gari ujinga huo hakuwa dereva, wala hakuweza kuwa dereva. Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani, alipoteza macho yote mawili kabla hajajua kusoma vizuri.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1890 katika mji mdogo wa Hagerstown, jimbo la Indiana, katika ukoo wa mafundi. Akiwa na umri wa miaka 5 alikuwa akichezea kisu, kikateleza na kumchoma jicho moja. Ajali yenyewe ingemwachia jicho la pili, lakini upo ugonjwa ambao jicho lililojeruhiwa huambukiza uharibifu wake kwa lile zima, na dawa za wakati ule hazikuweza kuuzuia. Haukupita muda mrefu, mtoto akawa haoni kabisa.

Wazazi wake walifanya uamuzi ambao wengi wangeuona wa ajabu. Hawakumfungia ndani, wala hawakumwekea mtu wa kumshika mkono kila aendako. Waliishi naye kama vile hakuna kilichobadilika, wakamwacha ajigonge, ajifunze, na aingie karakanani kama watoto wengine wa ukoo. Upole wa aina hiyo una ukali ndani yake, na si kila mtoto angeuvumilia. Ralph aliuvumilia, na maisha yake yote hakupenda kuzungumzwa kwanza kama kipofu.

Baba yake na ami zake walikuwa wakitengeneza vigari vyepesi vya kukagulia njia ya reli, kwa hiyo chuma, misumeno na mashine za kuchonga vilikuwa vitu vya kawaida kwake. Vidole vikashika kazi ya macho. Mwaka 1902, akiwa bado hajatimiza miaka 13, yeye na binamu yake waliunda gari dogo la injini lililotembea kweli katika mitaa ya Hagerstown, wakati ambapo katika miji mingi ya Marekani gari lilikuwa bado kioja. Habari za kijana huyo zikafika magazetini.

Elimu ya juu ilikuwa mlima mwingine. Vyuo vya uhandisi havikuwa na hamu ya kumpokea mwanafunzi asiyeweza kuona ubao wala mchoro. Binamu yake mwingine, Neva Deardorff, alikuwa akisoma Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na kwa msaada wake mlango ulifunguka. Ralph alisomewa vitabu kwa sauti, akahifadhi hesabu kichwani, na mwaka 1912 akahitimu shahada ya uhandisi wa mitambo.

Uwezo wake ulionekana wazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika kiwanda cha meli cha Camden, New Jersey. Manowari mpya za kasi ziliendeshwa kwa mitambo ya mvuke yenye magurudumu mazito yanayozunguka kwa mwendo mkubwa sana. Gurudumu lenye uzito usiolingana pande zote, hata kwa kiasi kidogo, hutikisa meli nzima na kuharibu mtambo. Kulisawazisha lilikuwa tatizo lililowatoa jasho wahandisi wenye macho mazima. Teetor aliweza kuusikia mtetemo huo kwa mikono, akasaidia kupata njia ya kuyasawazisha magurudumu hayo.

Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, kwenye kampuni ya ukoo ambayo baadaye ilijulikana kama Perfect Circle. Bidhaa yake kuu ilikuwa ringi za pistoni, zile duara za chuma ambazo zikichakaa gari huanza kutoa moshi wa buluu na kula oili. Mwaka 1936 wahandisi wa magari wa Marekani walimchagua kuwa rais wa chama chao, na kuanzia mwaka 1946 alikuwa rais wa Perfect Circle. Hakimiliki za uvumbuzi alizoandikishwa zilipita 40.

Uvumbuzi uliompa jina ulitokana na safari za gari na wakili wake wa masuala ya hakimiliki. Wakili huyo alikuwa na tabia ambayo abiria wa kawaida asingeitambua: akizungumza, mguu ulilegea na gari likapunguza mwendo; akinyamaza ili asikilize, mguu ulikaza na gari likaongeza kasi. Abiria anayeona hutazama mandhari, na mwili wake husahau kuyumbishwa huko. Teetor hakuwa na mandhari ya kutazama. Kila kulegea na kukaza kulimfikia mgongoni na tumboni, na inasimuliwa kuwa karaha hiyo ndiyo iliyomtia ari ya kutafuta tiba.

Kisha ikaja sababu ya pili. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Marekani iliweka kikomo cha maili 35 kwa saa, yaani takriban kilomita 56, ili kuokoa mafuta na mpira wa matairi. Madereva wengi walishindwa kuendesha polepole hivyo bila kuchungulia kipima mwendo kila mara. Teetor aliona kuwa mguu wa mwanadamu si chombo cha kutegemewa kushika kasi moja.

Suluhisho lake lilitumia kanuni ya zamani iliyokuwa ikiongoza injini za mvuke: vijiwe viwili vya chuma vinavyozunguka pamoja na mtambo. Mwendo ukiongezeka vijiwe hutanuka kwenda nje, ukipungua hujikusanya. Teetor aliviunganisha na mzunguko wa gari lenyewe. Dereva alichagua mwendo kwenye dashibodi, na gari lilipofikia mwendo huo kifaa kiliisukuma pedali ya mafuta kurudi juu, mguu ukahisi kuzuiwa. Dereva bado angeweza kukanyaga kwa nguvu zaidi akitaka kumpita mwenzake. Hakimiliki ilitolewa Agosti 1950. Baadaye kikaongezwa kifungo cha kushikilia mwendo bila mguu kuwapo kabisa, na breki ikiguswa tu kifungo hicho kinaachia.

Hapo ndipo tofauti yake na waya wa baiskeli ilipo. Waya unavuta na kusubiri. Kifaa cha Teetor kila wakati kililinganisha mwendo uliopo na mwendo uliotakiwa, na kilijua kuachia. Fundi anayetaka kuliongezea lori kuukuu mkono wa mafuta hana budi kuanza na kuachia huko: springi ya kurudisha pedali iwe na nguvu, waya usikwame, na breki iwe na njia ya kukata. Bila hayo ni afadhali mguu uchoke. Wala chombo hiki kisichanganywe na vidhibiti mwendo ambavyo Kenya iliviwekea matatu sharti mwaka 2004, visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Hivyo huweka dari tu. Chini ya dari hiyo mguu bado una kazi.

Kampuni ya Chrysler ilianza kuuza magari yenye kifaa hicho kwa matoleo ya mwaka 1958. Cadillac nayo ikakiuza kwa jina lake, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni mwa madereva, ambao wengi leo hukiita kruzi tu. Bei ya mafuta ilipopanda ulimwenguni mwaka 1973, walionunua kwa anasa wakapata wenzao walionunua kwa kubana matumizi.

Mwaka huo huo wa 1958, chuo cha ufundi kilichoanzia Makerere mwaka 1928 kilihamishiwa Kyambogo. Mwaka 2003 kiliunganishwa na chuo cha ualimu cha hapo pamoja na taasisi ya taifa ya elimu maalumu, vikawa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kwa hiyo karakana ya wahandisi na darasa la walimu wa watoto wasioona viko chini ya jina moja. Mtu kama Teetor angekuwa na shughuli katika yote mawili. Lakini isisahauliwe kwamba yeye alikuwa na baba mwenye karakana, ukoo wenye kiwanda na binamu aliyekwisha kuingia chuo kikuu. Mtoto asiyeona wa Busoga au Kasese, ambaye nyumbani kwao hakuna hata mashine ya kushonea, hana pengine pa kuanzia ila shule, na mwalimu aliyefunzwa kumwachia ashike bisibisi.

Teetor mwenyewe aliwahi kuwatembelea askari waliopofushwa na Vita vya Pili, akazungumza nao kuhusu kazi na namna ya kujitegemea. Kampuni ya Perfect Circle iliuzwa kwa Dana mwaka 1963. Alifariki tarehe 15 Februari 1982 akiwa na umri wa miaka 91, na mwaka 1988 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Magari la Marekani.