Mwalimu Sikujua na Usafi wa Matini

Kila asomaye mashairi ya Muyaka bin Haji huyasoma, kwa kiasi kikubwa, kupitia jicho la mtu ambaye hutajwa kwa nadra: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Makala haya yanadhamiria kuangazia mchango wake.

Muyaka alipofariki yapata mwaka 1840, tungo zake nyingi zilibaki vinywani mwa wenyeji wa Mvita. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua alizikusanya kutoka kwa wazee waliozihifadhi. Alishirikiana na William Ernest Taylor, mmishenari Mwingereza aliyewasili mwaka 1880, akimfafanulia maana zake na matukio yaliyozizaa.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Hati za Kiarabu, jinsi zilivyotumiwa zamani, hazikutenganisha o na u wala e na i, na mb iliweza kuandikwa b pekee, hata simba akasomeka siba. Kanuni za ushairi husaidia hapa. Mshororo wa mizani 16 hugawika 8 kwa 8; uliopungua hujifichua kabla shairi halijaimbwa. Ndivyo ifanyavyo lint, programu iliyobuniwa na Stephen Johnson wa maabara za Bell katika miaka ya 1970: huisoma programu ya lugha ya C bila ya kuiendesha, ikaonyesha palipo na shaka.

Hata hivyo, kuonyesha kosa si kulisahihisha. Mizani hutuambia kwamba neno limepotea. Ni neno gani, hilo hulijua mjuzi wa Kimvita. Isitoshe, msafishaji asiyeijua lahaja huweza kuona mato kuwa kosa la macho, akafuta kilicho sahihi. Bila ya mjuzi kama Mwalimu Sikujua, usafi ungegeuka uharibifu.

Mwalimu hakuiona diwani ikichapishwa. Taylor alifariki mwaka 1927, na William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940 huko Johannesburg, nusu karne baada ya kifo cha Mwalimu. Sisi tunaohakiki miswada leo twapaswa kukumbuka deni hili: tunapomtaja Muyaka, na tumtaje pia aliyetufikishia maneno yake.