Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeyapima maji kwa umeme

Wiki chache zilizopita tulipata meseji ya msikilizaji wetu wa Milepa, dereva wa bodaboda. Alituambia kuna fundi anayepita vijiji vya bondeni akiuza chombo cha kutengeneza gesi kwa maji: chupa yenye mabamba ya chuma kisichoshika kutu, maji yaliyotiwa kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni, nyaya mbili za kwenda kwenye betri, na mpira wa kupeleka gesi kwenye injini. Fundi anaahidi pikipiki itakula nusu ya petroli ya sasa. Bei anayotaka inakaribia akiba yote ya kijana huyu, aliyoiweka kwa ajili ya tairi mbili na ada ya mdogo wake. Alitaka kujua kama ni kweli.

Tulimwahidi jibu refu. Jibu lenyewe lina karibu miaka 190, na aliyelipata hakuwa na elimu kubwa kuliko ya kijana huyu.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, Newington, kusini ya London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi. Sisi wa Ufipa hatuna haja ya kuelezwa kazi hiyo. Mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo wazee waliyeyusha chuma, bado yapo huku juu kwenye nyanda zetu. Lakini James alikuwa mtu wa kuugua mara kwa mara, na nyumba yake ilikuwa na njaa. Mtoto alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Hesabu za juu hakuzijua hadi kufa kwake.

Akiwa na miaka 13 alianza kutumwa na muuza vitabu mmoja wa London, George Riebau, kupeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akawa mwanafunzi wake wa kazi ya kujalidi vitabu, yaani kushona kurasa na kutia majalada, kwa miaka saba. Wengine walishona na kufunga. Yeye alishona na kusoma. Hapo ndipo alipokutana na makala ya umeme ndani ya ensaiklopidia, na kitabu cha kemia cha mama mmoja aitwaye Jane Marcet, kilichoandikwa kwa watu wasiokuwa wataalamu.

Mwaka 1812 alijitengenezea betri. Tunaomba msikilizaji aangalie vifaa vyake: sarafu saba za shaba, vipande saba vya zinki vya ukubwa huohuo, na karatasi sita zilizoloweshwa maji ya chumvi, vyote vikapangwa kimoja juu ya kingine. Nyaya za betri hiyo alizitumbukiza katika maji yenye chumvi ya haluli. Mapovu yakaanza kupanda na maji yakafifia. Kupasua maji kwa umeme hakukuwa jambo jipya, maana William Nicholson na Anthony Carlisle walikuwa wamelifanya London mwaka 1800. Lakini huyu alikuwa fundi wa majalada, na chombo kilikuwa cha nyumbani, kama hiki cha Milepa.

Mwaka huohuo mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mkemia mashuhuri wa Taasisi ya Kifalme. Faraday aliandika yote aliyoyasikia, akayajalidi vizuri na kumpelekea Davy kitabu hicho akiomba kazi. Machi 1813 alipokelewa kuwa msaidizi, kwa shilingi 25 kwa wiki, pamoja na vyumba viwili juu ya jengo, mishumaa na kuni za moto. Miezi michache baadaye alisafiri na Davy Ulaya, na mke wa Davy alimfanya kama mtumishi wa nyumbani. Alivumilia. Mwaka 1821 alimwoa Sarah Barnard; hawakujaliwa watoto.

Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikipitishwa karibu na waya uliozungushwa, umeme unazaliwa katika waya. Kila altaneta ya gari na kila mtambo wa kuchaji wa pikipiki inafanya kazi kwa njia hiyo. Miaka mitatu hivi baadaye alimaliza kazi nyingine: alipima gesi inayotoka majini na umeme ulioipasua, tena na tena. Akaona kwamba kiasi cha gesi kinafuata kiasi cha umeme uliopita. Ukizidisha umeme mara mbili, gesi nayo mara mbili. Mwaka 1834, kwa msaada wa msomi William Whewell wa Cambridge, aliipa kazi hiyo majina tunayoyatumia mpaka leo: elektrolisisi, elektrodi, anodi, kathodi, ioni.

Kwa hiyo kile chombo cha fundi kinaunganisha uvumbuzi miwili ya mtu mmoja, na kanuni ya mtu huyohuyo ndiyo inayokipima. Tupige hesabu. Ampea 10 zikipita saa nzima katika seli moja, haidrojeni inayopatikana haifiki nusu gramu. Ukipanga seli sita mfululizo zitumie volti zote 12 za betri, joto la gesi yote ya saa hiyo ni sawa na la petroli isiyofika vijiko viwili vya chai. Je, umeme huo umetoka wapi? Betri inachajiwa na injini. Injini inageuza kama robo tu ya joto la petroli kuwa nguvu ya kuzungusha, na altaneta inapoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa. Ili upate vijiko viwili pungufu, umechoma karibu mililita 100. Tena pikipiki nyingi ndogo hazina hata ampea hizo za ziada.

Wauzaji wengine wanajua hesabu hii, kwa hiyo wanasema gesi inasaidia tu petroli iungue vizuri zaidi. Injini nzima yenye plagi nzuri inaunguza karibu petroli yote tayari. Huko Ohio, Marekani, Stanley Meyer alidai gari lake linatembea kwa maji. Mwaka 1996 mahakama iliona amewatapeli wawekezaji wawili na kumwamuru awarudishie fedha zao.

Hata hivyo, wapo madereva wanaoapa kwamba wameona nafuu, na hatusemi wote ni waongo. Mwaka 1853 Uingereza ilishikwa na mchezo wa watu kuweka mikono juu ya meza, na meza ikazunguka. Wakasema ni mizimu. Faraday aliweka kati ya mikono na meza tabaka za karatasi ngumu zilizoshikanishwa kwa gundi laini, pamoja na kijiti cha kuonyesha nini kinasogea kwanza. Mikono ndiyo iliyokuwa ikiisukuma meza, na wenye mikono hawakujua. Walipokiona kijiti, meza ikatulia. Dereva aliyetoa fedha yake kununua chombo naye huvuta mafuta taratibu zaidi bila kujua. Anayetaka kupima ajaze tenki mpaka juu, aende njia ileile ya tambarare na mzigo uleule, siku kadhaa chombo kikiwa kimewashwa na siku kadhaa kikiwa kimezimwa, na mtu mwingine ndiye awe anakiwasha na kukizima bila kumwambia.

Lakini sisi hatumshauri apime. Mwaka 1823, Faraday akishughulika na klorini, mirija ya kioo ililipuka na vipande vikamwingia machoni. Klorini hiyohiyo, inayochoma mapafu, hutoka kwa wale wanaotia chumvi ya mezani badala ya kostiki. Na mwishoni mwa 1860, akiwa mzee, aliwafundisha watoto jijini London habari za mshumaa, mfululizo mzima kuhusu mshumaa tu (sisi wa redio tunamwonea wivu kwa hilo). Alipasua maji kwa betri, akaichanganya haidrojeni na oksijeni ndani ya mapovu ya sabuni, akalipua povu moja juu ya kiganja chake. Povu lililokuwa bado kwenye ncha ya bomba hakuthubutu kuliwasha, kwa sababu moto ungerudi ndani ya bomba na kuvunja chupa ya gesi. Mpira unaotoka kwenye chupa ya fundi kwenda kwenye injini ndilo bomba hilo, na chupa iko chini ya kiti cha abiria.

Faraday alikataa cheo cha heshima cha kuitwa Sir, na mara mbili alikataa kuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867 katika nyumba ya Hampton Court aliyopewa na Malkia Victoria akae bure, akazikwa makaburi ya Highgate.

Kijana wa Milepa tulimsomea hesabu hizi kwa simu. Alituomba turudie ile ya mililita 100, aiandike ampelekee fundi.