Askofu Ketteler na Riziki ya Maskini

Baba Mtakatifu Leo XIII, aliyetoa waraka wa Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alimhesabu Askofu Wilhelm Emmanuel von Ketteler kuwa mtangulizi wake. Mtu huyo alizaliwa Münster, Ujerumani, siku ya Noeli mwaka 1811, katika ukoo wa makabaila. Ujana wake ulikuwa wa hasira: akiwa mwanafunzi huko Göttingen alipigana kwa upanga, akakatwa ncha ya pua! Baadaye aliitumikia Serikali ya Prussia. Lakini mwaka 1837 Serikali hiyo ilimkamata Askofu Mkuu wa Köln, naye Ketteler akajiuzulu, asikubali kuitumikia dola inayodai hata dhamiri za watu.

Alipewa Upadre mwaka 1844. Katika parokia ya Hopsten aliiona njaa kwa macho yake.

Wakati wa Majilio ya mwaka 1848, Ulaya ikiwa imetikiswa na maasi, alihubiri katika Kanisa Kuu la Mainz. Akimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alifundisha ya kuwa mali yote ni ya Mungu; mwanadamu ni msimamizi tu, na matunda ya nchi yamekusudiwa kwa wote. Hivyo mtu anayekufa kwa njaa akitwaa kitakachomwokoa, si mwizi. Neno hili ni zito. Maana kama ndivyo, haki ya mhitaji haikutungwa na bunge lolote. Ilikuwapo kabla ya Serikali. Na kinachotolewa kwa hisani ya mtawala huweza kunyang'anywa kwa hasira yake.

Mwaka 1850 akawa Askofu wa Mainz. Kitabu chake cha mwaka 1864 kilitumainia vyama vya ushirika vyenye kusaidiwa na michango ya Wakristo. Baadaye aliona michango haitatosha, wala hakuona haya kubadili fikira. Mwaka 1869, mbele ya wafanyakazi karibu na Offenbach, alitetea ujira wa haki, pumziko la Jumapili, na watoto kuondolewa viwandani. Kisha akataka sheria za Serikali. Je, alijipinga? Sidhani. Hakuomba zawadi, bali mlinzi wa haki iliyokwisha kuwapo.

Alifariki tarehe 13 Julai 1877 huko Burghausen, akirudi kutoka Roma. Mwaka 1883 Bismarck alileta bima ya ugonjwa, akitumaini pia kuwavuta wafanyakazi watoke kwa wasoshalisti. Wengi huisifu kama tunu ya Serikali. Theluthi mbili za michango yake zilitoka katika ujira wa wafanyakazi wenyewe.