MATHIAS MNYAMPALA, BABA WA NGONJERA

Sisi tunaokaa huku Mwihoko tumezoea kuambiwa eti Kiswahili ni cha watu wa pwani, na kwamba sisi wa bara tunakiharibu tu. Nyumbani tunaongea Kikuyu, Kikamba, Kijaluo au Kiluhya, njiani ni Sheng, halafu kengele ikilia tunaambiwa tutunge shairi lenye vina na mizani. Wengi hukata tamaa mapema. Ndiyo sababu nimeamua kuwaletea maisha ya mtu ambaye naye alizaliwa mbali sana na bahari, lakini akaja kuwa mwenyekiti wa washairi wa nchi nzima.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka wa 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma, katikati ya Tanganyika. Alikuwa Mgogo, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Nchi hiyo ni kame, na watu wake ni wafugaji na wakulima wa mtama na uwele. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, akaingia kazi ya serikali, akawa liwali na baadaye hakimu. Mwaka wa 1954 kilichapishwa kitabu chake kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Alikiandika kwa Kiswahili, ili hata asiyejua Kigogo aweze kuwafahamu watu wake.

Lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa ushairi. Siku hizo uwanja wa washairi ulikuwa magazeti, kama lile la Mambo Leo lililoanza mwaka wa 1923. Mshairi wa mji mmoja alituma shairi, wa mji mwingine akamjibu kwa shairi, na katika kujibu alimtaja mwenzake kwa jina. Hata kama walikuwa wanabishana vikali, msomaji alijua neno lipi ni la nani.

Mgeni kutoka bara angejifunza wapi sheria za uwanja huo? Mwaka ule ule wa 1954, Sheikh Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mambo ya vina na mizani, ambayo mtu aliyapata kwa kukaa karibu na malenga, sasa yalikuwa wazi kwa kila anayejua kusoma. Fundi angeweza kuficha ufundi wake ili abaki peke yake. Yeye aliutoa. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na ushairi nao ulipona kwa wageni kama Mnyampala. Huyu Mkristo wa Dodoma alichukua utenzi, ambao Waislamu wa pwani walikuwa wameutumia kwa karne nyingi, akatunga kwa njia hiyo habari za Injili na Zaburi.

Mnyampala akawa mwenyekiti wa UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kuwaelimisha wananchi. Hapo ndipo Mnyampala alipozitoa ngonjera. Mashairi ya kujibizana yalikuwako tangu zamani, lakini yeye aliyapandisha jukwaani, watu wawili au zaidi wakibishana mbele ya hadhira mpaka mwisho wapatane. Kazi hii ilifaa sana shuleni, kwa sababu hata mtoto ambaye hajawahi kutunga kitu anaweza kupewa beti zake akasimama na wenzake.

Mnyampala alifariki mwaka wa 1969. Vitabu viwili vya ngonjera zake vilitoka baada ya hapo, mwaka wa 1970 na 1971. Tazama jina lake: Ngonjera za Ukuta. Mtungaji ni Mnyampala, lakini jina la kitabu ni la chama, la wenzake wote.

Nilichokipenda zaidi kilitokea baadaye. Mwaka wa 1977 kilichapishwa kitabu cha Historia ya Kiswahili, na juu yake kuna majina mawili: Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala. Chiraghdin alikuwa mwalimu wa Mombasa. Ndiye aliyeuhariri ushairi wa Ahmad Nassir katika Malenga wa Mvita, mwaka wa 1971, akauandikia utangulizi wa kumfungulia mshairi huyo mlango. Yeye naye alifariki mwaka wa 1976, kwa hiyo hakuna kati yao aliyekishika kitabu hicho mkononi. Mnyampala alikuwa kaburini kwa miaka minane. Maiti hadai jina lake, lakini lilibaki palepale, jina la Mgogo kando ya jina la mtu wa Mvita, katika historia ya lugha ambayo tunaambiwa si yetu.

Nikisoma habari hizi naona haya, na nitasema kwa nini. Siku ya wazazi mwaka jana tulighani ngonjera ambayo watu waliipenda sana. Walisimama, wakapiga makofi, wakatusifu sisi wanne wa kidato cha pili. Kumbe aliyeitunga alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, ambaye alikuwa amekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Hatukumtaja. Mimi mwenyewe nilipeana mikono na wageni na sikusema kitu. Tangu siku hiyo hakuja tena kwenye mkutano wa chama chetu, na mimi nilikuwa nikijidanganya kwamba amezidiwa na masomo.

Muhula huu nilimtafuta nikamwomba msamaha. Hakusema mengi, lakini alikubali kunipa daftari lake. Ngonjera ile imechapishwa katika toleo hili hili. Jina la mtungaji liko juu ya beti zote, na majina yetu sisi waghani yako chini. Ijumaa iliyopita alikuja mkutanoni, akakaa karibu na mlango.

Mwanachama, Kidato cha Tatu