Antoni Gaudí, Mjenzi wa Bustani ya Vigae Vilivyovunjika

Nyote mnalijua lile lundo la kifusi lililo nyuma ya madarasa mapya ya shule yetu. Mafundi walipomaliza kazi yao waliacha hapo matofali yaliyovunjika, mawe, na vigae vya sakafu vilivyopasuka. Muhula uliopita palikuwa na mabishano makubwa juu yake. Wengine walitaka likodiwe lori kwa fedha za mchango wa wazazi. Wengine walitaka kifusi kisukumwe korongoni, mvua ikichukue hata ziwani. Mimi nilinyamaza, wala sikunyamaza kwa kukosa neno, bali kwa aibu.

Baba yangu ni mwashi huko Ujiji. Kila amalizapo kazi huleta nyumbani vipande vya vigae vilivyotupwa, na kwa vipande hivyo amelitandika baraza letu lote, vyekundu kando ya vyeupe, vya kijani kando ya vya samawati. Nilipokuwa kidato cha kwanza, wenzangu watatu walikuja kwetu siku ya Idi. Walilicheka baraza lile wakasema ni la jalalani. Nami nikacheka pamoja nao, na baba akisikia. Tangu siku ile sikupata raha kila nilipopita pale.

Mwaka huu mwalimu wetu wa historia aliniazima kitabu, na humo nikakuta habari za mtu mmoja wa Hispania aliyefariki zamani, jina lake Antoni Gaudí. Nataka niwasimulieni maisha yake.

Gaudí alizaliwa tarehe 25 Juni 1852, katika sehemu za mji wa Reus, nchi ya Katalunya. Baba yake alikuwa mfua shaba, na mtoto alikua akitazama jinsi bamba lililo bapa linavyopigwa nyundo hata likawa chombo cha mviringo. Alisumbuliwa na baridi yabisi tangu utoto, na siku nyingine hakuweza kwenda shule kwa miguu, ikabidi apandishwe punda. Kwa kuwa hakuweza kukimbia na wenzake, alikaa akitazama miti, konokono na mawe. Baadaye alikwenda Barcelona kusomea usanifu wa majumba. Hakuwa wa kwanza darasani, na baadhi ya mitihani ilimshinda, lakini mwaka 1878 alipata shahada yake.

Katika mwaka huo alijuana na tajiri mmoja mwenye viwanda, Eusebi Güell, na urafiki wao ulidumu maisha yao yote. Mwaka 1883 Gaudí alikabidhiwa ujenzi wa kanisa kubwa la Sagrada Família, nayo ndiyo kazi iliyompa sifa duniani. Lakini mimi nitaeleza habari za bustani.

Güell alikuwa na ardhi juu ya kilima kilichoitwa Mlima Kipara, kwa sababu kilikuwa mawe matupu na miti michache. Alitaka pajengwe mtaa wa matajiri wenye nyumba kama 60, kila nyumba na bustani yake. Kazi ilianza mwaka 1900. Wajenzi wengine wangekisawazisha kilima kile na kuyatupa mawe yake mbali. Gaudí hakufanya hivyo. Aliziacha barabara zifuate mteremko, na palipokuwa na bonde alizipitisha juu ya madaraja. Nguzo za madaraja hayo alizijenga kwa mawe yale yale yaliyochimbwa hapo, bila kuyachonga sana, hata ukizitazama wadhani ni mashina ya miti yaliyoota yenyewe.

Kisha alijenga ukumbi wenye nguzo 86, uliokusudiwa kuwa soko la mtaa, na juu ya dari yake akaweka uwanja mpana. Mvua inaponyesha, maji huchujwa katika udongo na kokoto za uwanja, huteremka ndani ya nguzo, na kuingia katika birika kubwa liwezalo kuweka lita 1,200,000. Sisi tunaokaa katika milima ya Kigoma, tunaoona kila masika jinsi maji yanavyokata makorongo na kuteremsha udongo wetu mwekundu Ziwa Tanganyika, tutafahamu mara moja uzuri wa shauri hilo.

Ukingoni mwa uwanja alitengeneza kiti kimoja kirefu, kama meta 110, kinachopinda mithili ya nyoka. Hapa ndipo nilipokumbuka baraza letu. Kigae kizima ni bapa, hakiwezi kulala juu ya kitu kilichopinda. Lakini ukikivunja, kila kipande kitapata mahali pake. Basi Gaudí alitumia vigae vilivyokataliwa viwandani, na vipande vya sahani na chupa, na msaidizi wake Josep Maria Jujol akavipanga kwa rangi hata kiti kikang'aa kama maua. Wenyeji wa huko huiita kazi hiyo trencadís. Baba yangu hajalisikia neno hilo, lakini kazi yenyewe aijua.

Ama ule mtaa wa matajiri haukufaulu. Mahali palikuwa mbali na mji, usafiri ulikuwa shida, na masharti ya kununua yalikuwa mazito. Hata kazi iliposimama mwaka 1914, nyumba mpya zilikuwa mbili tu. Moja aliinunua Gaudí mwenyewe, akahamia mwaka 1906 pamoja na baba yake mzee, yule mfua shaba, ambaye alifariki mwaka huo huo. Güell alifariki mwaka 1918. Halmashauri ya mji ilinunua mahali pale mwaka 1922, na mwaka 1926 pakafunguliwa kuwa bustani ya watu wote. Kwa hiyo kilichowashinda matajiri kikawa starehe ya kila mtu, na mwaka 1984 UNESCO ikapaandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Gaudí alimaliza maisha yake kwa ufukara wa hiari. Tarehe 7 Juni 1926, alipokuwa akienda kusali, aligongwa na tramu. Nguo zake zilikuwa kuukuu, wala mfukoni hakuwa na hati ya kumtambulisha. Watu walimdhania mwombaji, akapelekwa hospitali ya maskini. Kesho yake ndipo alipotambuliwa. Alifariki tarehe 10 Juni, na umati mkubwa wa watu ukamsindikiza mpaka kaburini, ndani ya kanisa alilokuwa akilijenga.

Mambo ya namna hii hayako Ulaya tu. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa jeupe. Tangu mwaka 1971 René Haller alipanda humo mivinje na miti mingine, na machimbo yale yakawa bustani inayotembelewa na watoto wa shule.

Nilipokifunika kitabu nilikwenda Ujiji, nikaketi barazani, nikamwomba baba radhi kwa kicheko changu cha siku ile. Hakusema mengi. Aliniuliza tu kifusi cha shule kina vigae vya rangi gani.

Basi wenzangu, nimemweleza Mwalimu Mkuu shauri hili naye amelikubali. Mawe na matofali tutayapanga kwa mistari kukingama mteremko ulio chini ya madarasa, ili yazuie udongo usichukuliwe na mvua, na nyuma ya kila mstari tutapanda miembe na maua. Vigae tutavitandika juu ya viti vya kukalia wazazi watutembeleapo. Fedha za lori zitabaki kwa ajili ya vitabu. Baba atakuja kutufundisha kushika mwiko. Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, saa moja asubuhi. Mwenye nyundo na aje nayo.