Krim Belkacem na Mkataba wa Evian

Mtu aliyetia sahihi mkataba uliokomesha vita vya Algeria alihukumiwa kifo na Wafaransa bila yeye kuwapo mahakamani. Baadaye nchi yake mwenyewe ikamhukumu vivyo hivyo.

Krim Belkacem alizaliwa mwaka 1922 katika milima ya Kabylie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alilitumikia jeshi la Ufaransa, akapata cheo cha koplo. Ujuzi wa bunduki alioupata huko hakuutupa. Mwaka 1947 aliingia msituni, miaka saba kabla ya chama cha FLN kuanzisha vita tarehe 1 Novemba 1954, naye akiwa mmoja wa viongozi sita wa mwanzo.

Mazungumzo na wakoloni yalifunguliwa mjini Evian, Ufaransa, Mei 1961, Krim akiuongoza ujumbe wa Algeria. Wajumbe hao hawakukubali kulala katika ardhi ya adui. Walilala Uswisi, wakavushwa ziwa kwa helikopta. Wafaransa walitaka kuitenga Sahara, penye mafuta. Krim alikataa katakata, na mazungumzo yakavunjika. Miezi michache baadaye Ufaransa ikaridhia kwamba Sahara ni ya Algeria.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 18 Machi 1962, na siku ya pili yake, adhuhuri, bunduki zikaamriwa kunyamaza. Lakini Wafaransa waliachiwa bandari ya kivita ya Mers-el-Kébir kwa miaka 15, na vituo vya majaribio jangwani kwa miaka 5. Kanali Boumediene na maofisa wenziwe walikwisha kupiga kura kuyapinga mapatano hayo, wala hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Hata hivyo sisi twaona Krim alipima sawasawa: nchi yote ilirudi mikononi mwa wenyewe, na kilichoazimwa kilikuwa na siku yake ya kurejeshwa. Tena Wafaransa waliihama Mers-el-Kébir mwaka 1968, kabla ya muda kwisha.

Uhuru ulipatikana Julai 1962. Papo hapo wapiganaji waligombana wao kwa wao, na Krim akawa upande ulioshindwa. Alikimbilia ng'ambo. Mwaka 1969, chini ya serikali ya Boumediene, alihukumiwa kifo. Oktoba 1970 alikutwa amenyongwa katika hoteli mjini Frankfurt.

Mwaka 1984 mabaki yake yalirudishwa Algiers, yakazikwa El Alia pamoja na mashujaa wa taifa.