Padri Jones na Watoro wa Rabai

Kila nitokapo Ngomeni nikishika njia ya Nkrumah, hulitupia jicho lile kanisa lenye kuba ambalo mgeni hudhani ni msikiti. Lilifunguliwa mwaka 1905 kuwakumbuka Askofu James Hannington na wenzake. Lakini mimi hapo humkumbuka mtu aliyeondoka na askofu huyo safarini akarudi bila yeye, Padri William Jones.

Alikuwa Mwafrika. Alitekwa akiwa mtoto, akaingizwa utumwani, na baada ya kukombolewa akalelewa na wamisheni India. Mwaka 1864 alikuja Rabai pamoja na Ishmael Semler na George David, nao wakajulikana kwa jina la Wabombay. Mei 1885 Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Baada ya wiki chache askofu akashika njia ya bara, na Jones akafuatana naye. Hannington aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na wapagazi wengi, ndiye aliyewarejesha pwani, na Februari 1886 wakaingia Rabai na bendera ya msiba.

Ushujaa huo umeandikwa mara nyingi. Mimi naona jambo lake kubwa zaidi lilikuwa la kimya.

Msomaji akumbuke kwamba mkataba wa Seyyid Barghash wa mwaka 1873 ulifunga masoko ya watumwa, haukuwaacha huru waliokwisha kumilikiwa. Mtumwa akitoroka shambani, bwana wake alikuwa na haki ya kumdai kwa sheria ya Sultani. Balozi wa Kiingereza kule Unguja, John Kirk, akazionya misheni zisipokee watoro. Wakuu wa misheni wakatoa amri hiyo kwa watu wao. Tena hofu ilikuwapo kweli: mwaka 1880 wenye watumwa walitishia kuzivamia Freretown na Rabai kwa silaha.

Freretown penyewe, ng'ambo ya kisiwa chetu, palianzishwa mwaka 1875 pawe makao ya waliokombolewa. Taratibu zake zilikuwa kali mno. Mwaka 1881 ilibidi ubalozi uchunguze habari za wakazi kufungwa na kuchapwa viboko na msimamizi Mzungu, naye akaondolewa. Ajabu ya mambo! Mtu akimbie kiboko cha shambani akikute uani kwa kanisa.

Rabai chini ya Jones mambo yalikuwa mengine. Aliyefika alipata mahali pa kujenga kibanda na kulima. Amri Jones aliijua, na mshahara wake ulitoka kwa hao hao walioitoa. Lakini kumrudisha mtu kule alikotoroka, yeye aliyepata kuwa mtumwa, hakuweza. Watoro wakazidi kuja.

Mwaka 1888 George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alipofika Mombasa, wenye mali walimjia juu wakidai watu wao. Watoro wakahesabiwa katika misheni za pwani, na ikaonekana ni zaidi ya 1,400. Wengi wao walikuwa Rabai. Wakubwa wakaona haya, kwani amri yao ilikuwa imevunjwa miaka mingi. Kuwarudisha wote kungeleta balaa, na kuwanyima mabwana kungeleta vita. Mackenzie akachagua kulipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru.

Sisi Waislamu tumefunzwa kwamba kumwacha mtumwa huru ni ibada yenye thawabu kubwa, na wako wazee wa mji huu walioifanya bila kulipwa hata pesa moja. Wengine walisubiri fedha za Kampuni. Utumwa kisheria ulibaki pwani hii hadi mwaka 1907. Nyanya yangu alizijua nyumba za Mji wa Kale zilizopokea fidia ile. Nilimuuliza zaidi ya mara moja ni zipi, na kila mara alinituma nikamchotee maji.